Jiwe Lako Lisiseme Uongo

Baba Rebeka wangu,

Wanao wamenitia majaribuni. Kesho fundi wa mawe anakuja kuchukua maneno ya kuchonga kwenye kaburi lako, nao wamekupangia sifa tele: mpole, mnyenyekevu, mvumilivu. Mvumilivu! Wewe uliyekuwa ukinywa chai ingali inachemka! Nimecheka hadi Rebeka akadhani nalia.

Nimeikumbuka miaka ya sitini, tulipokuwa tukichumbiana bila hela ya sinema. Jumapili baada ya ibada ulinipitia nyumbani Riruta na suti yako ya ukarani, tukashika njia kwa miguu kwenda kutazama makanisa ya zamani ya Waingereza, mara mjini, mara mtaa wa Karen. Uliyapenda yale mabamba ya mawe ukutani, ya kuwakumbuka wafu wao, kuliko mahubiri. Ulinisomea, kisha ukanitafsiria ukitia chumvi. Kapteni huyu alikufa kwa homa, yule aliangushwa na farasi, na wote, wote kabisa, walikuwa watu wema.

"Sasa wale wabaya walizikwa wapi?" nilikuuliza.

"Hao hawakufa. Walirudi kwao."

Tulicheka mpaka mtunza kanisa akaja kutuuliza tunamtafuta nani. Ukamjibu kwa heshima zote kwamba tumekuja kumwona kapteni.

Halafu ile Jumapili ya Karen. Tulisimama mbele ya jiwe la mume na mke waliozikwa pamoja, nawe ukavua kofia.

"Hata sisi tuwe hivi," ukasema. "Nikuoe?"

Mama alinifunza kwamba maneno ya posa hayatamkwi mbele ya wafu, maana watadhani nao wamealikwa arusini. Nikageuka, nikatoka nje mbio mbio. Ulinifuata uso umekusawijika, ukaketi ngazini kama mtu aliyefiwa.

"Basi, wacha nikurudishe nyumbani," ukasema.

"Kwani nani amekataa? Huko ndani kuna watu wamelala. Uliza tena hapa nje."

"Si ungeniambia!"

"Na wewe ungengoja?"

Ukauliza tena, safari hii kwa sauti iliyowatoa nje akina mama waliokuwa wakipanga maua. Nilikubali kabla hujamaliza. Siku hiyo hata mimi subira ilinishinda.

Watu walikuonya kwamba haraka haraka haina baraka. Mimi ilinipa wewe, ikanipa watoto, ikanipa nyumba yenye kelele tangu alfajiri, ukitafuta viatu ulivyokwisha vaa. Sasa nyumba imetulia, na sitaki kukudanganya, siupendi utulivu huu. Lakini nikikukumbuka, kicheko hunijia kwanza. Machozi hufuata nyuma, nayo hayakai sana.

Yale mawe ya Waingereza yalitufurahisha, ila hakuna hata moja lililotuambia mtu mwenyewe alikuwaje. Sitaki mgeni asimame mbele ya lako asome habari za mtu nisiyemjua. Nimemwambia Rebeka lichongwe jina lako, na chini yake: "Hakuwa na subira hata kidogo, na tulimpenda hivyo hivyo."

"Mama, watu watacheka makaburini," akasema.

Nikamwambia wacheke.

Lala salama, mume wangu. Umetangulia kama kawaida yako. Ila mara hii, tafadhali, ningoje.

Mkeo,
Mama Rebeka