Marahaba ya Mama Khalidi

Rose, uko wapi wewe? Umekosa uhondo Kitangari leo!

Mama Khalidi, si unajua alipigwa na kiharusi, basi leo kaitwa mkutanoni na watu wa mradi wa kuwasaidia wagonjwa kama yeye. Fulana zao zimeandikwa kifuani MSIKILIZE MGONJWA. Na mgonjwa mle ukumbini ni yeye peke yake.

Mtafiti wao, kijana mtanashati wa Dar, akamwinamia: "Shikamoo mama." Mama Khalidi akaanza kulitafuta jibu, maana siku hizi neno linamtoka polepole. Kijana hakusubiri. HAKUSUBIRI Rose! Akamgeukia Adija, mke wa Khalidi: "Kumbe haongei? Mazoezi anayapenda?"

Mbele yake!! Kama anaulizia mbuzi mnadani.

Adija akamwambia, "Muulize mwenyewe, anasikia." Wapi! Jamaa kashika kipaza sauti, kahutubia mpaka soda zikawa za moto: mgonjwa ashirikishwe, mgonjwa apewe muda. Mama Khalidi kamkazia macho tu, midomo inahangaika.

Mwisho eti, "Tumshukuru mama kwa maoni yake." Watu makofi.

Makofi yalipokwisha, ukumbi mzima ukasikia:

"Ma... ra... haba."

Kijana kamgeukia tena Adija: "Anasemaje?"

Adija: "Anaitikia shikamoo yako ya asubuhi. Maoni njoo uyachukue kesho."