Uso Umepona

Dada yangu,

Uso umepona, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Makovu ya nyuma ya masikio nayafunika kwa nywele, na ganzi ya shavuni imekwisha. Daktari wako alisema kweli: mshipa wa fahamu ulishtuka tu.

Tatizo ni shemeji yako. Niliporudi kutoka kwako, ngozi imekazwa na mdomo umekwenda upande, alipiga yowe: "Mke wangu, kiharusi!" Nikamwacha aamini hivyo. Ningemwambia nini, kwamba nilikwenda kukatwa na kukazwa ngozi ya uso ili nirudi usichanani? Hospitali nakataa, anadhani naogopa.

Amefunga karakana yake ya useremala. Amepigilia vishikio vya mbao ukutani, kutoka kitandani hadi chooni, akavipiga msasa visinichome. Ananilisha uji kwa kijiko, mtu ambaye miaka kumi hakuniuliza nimeshindaje!

Jana, peke yangu mbele ya kioo, nilitabasamu. Pande zote mbili, dada, sawasawa! Nikataka kukupigia kelele huko huko uliko.

Halafu nikasikia viatu vyake mlangoni. Nikaupinda mdomo kushoto, nikashika kishikio.

Mdogo wako, mgonjwa.