Kiberiti cha Baba

Kwako Dada,

Natumaini mtoto ameanza kulala vizuri. Huku mvua haikatiki, na sisi makarani tumehamishiwa chumba cha nyuma, karibu na ngazi wanakovutia watu sigara.

Jumatatu naacha. Nimejiandaa kama mtu anayengoja wageni. Mapazia nimeyafua, maji yakatoka na rangi ya chai. Kibakuli cha majivu nimempa mama mwenye nyumba, anawekea sabuni. Wenzangu wa ngazini nimewaaga pia, na mkuu wa masjala akacheka mpaka akapaliwa na moshi wake.

“Wewe Dohani? Utaacha kazi kwanza!”

Nami nikacheka, nikawasha nyingine.

Mama usimwambie bado. Daktari ameona doa kwenye picha ya kifua changu, upande ule ule wa Baba. Anasema huenda si kitu, nirudi mwisho wa mwezi. Aliponiuliza nimevuta kwa muda gani, nikapunguza miaka, kana kwamba na doa lingepungua.

Baba naye aliacha, ila aliachia wodini, vidole viliposhindwa kuwasha kiberiti chake cha gesi. Baada ya mazishi ulinipa mimi, kiwe kumbukumbu. Nakurudishia, nimekifunga ndani ya hizi soksi za mtoto. Kifiche. Nikija likizo nitakuomba, nitasema nataka kukishika tu. Usinipe, Dada, hata ukiniona nalia.

Ni mimi, mdogo wako