Panda Wewe Kwanza, Mama

Nakuru, mvua zikiwa zimeanza

Mama yangu mzazi,

Rosa akusomee barua hii mkiwa mmekaa, tena baada ya kula, si kabla. Rosa, dada yangu, soma polepole, usiruke mahali, na usipunguze maneno yangu kwa sababu ya aibu. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika hapa, kwenye darasa la jioni la kanisani. Wewe umgeuzie mama kwa lugha yetu, neno kwa neno.

Mama, u hali gani? Mgongo wako je? Miguu bado inavimba ukitoka mtoni na maji? Naomba Mungu awe amekushika mkono siku hizi zote, maana mimi mwanao sikuwepo kukushika. Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Moyo ndio hauna raha, na sitakuficha.

Habari ya baba ilinifikia akiwa ameshazikwa. Okoth, yule wa boma la ng'ambo ya mto, ndiye aliyerudi kutoka likizo akanikuta nikisukuma toroli la mchanga. Hakunisalimu. Alinitoa mikono kwenye toroli akaliweka chini taratibu, nikajua. Niliuliza tu kama ni baba au ni wewe. Akasema, "Ni mzee." Nilikaa pale pale juu ya majani ya uwanja wa wazungu, mahali ambapo hata kukanyaga ovyo haturuhusiwi, nikalia bila kujali nani ananiona. Nyapara wetu, arap Koech, mtu wa Keringet, mkali asiyependa mtu kukaa, alipita akaniona, akageuza uso na kwenda kupigia wengine kelele mbali na mimi.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kuomba ruhusa. Mzungu anayesimamia uwanja tunamwita Bwana Kiko, kwa sababu kiko hakimtoki mdomoni hata akigomba. Alivua kofia akaniambia pole, na nadhani alisema kwa moyo. Lakini ruhusa alikataa. Tangu Wakikuyu tuliokuwa tukifanya nao kazi wapakiwe kwenye malori na kuondolewa kwa sababu ya hii hali ya hatari, tumebaki wachache, na mtu mmoja anabeba kazi ya watatu. Bila karatasi yake siwezi kupita hata kizuizi cha kwanza cha polisi. Alisema hakuna mtu atakayetoka hapa mpaka wachezaji wakubwa waje na waende zao.

Hao wachezaji lazima nikueleze, maana ndio walionifunga mguu nisije kumzika baba yangu.

Unajua nafanya kazi kwenye uwanja wa gofu. Ni shamba kubwa sana ambalo halilimwi kitu. Wazungu wanapiga kampira kadogo kwa fimbo, wanakafuata, wanakapiga tena mpaka kaingie shimoni, halafu wanakatoa na kwenda kutafuta shimo lingine. Usicheke, Rosa, hako kampira ndiko kanakokulipia karo. Sasa wapo wengine huko Ulaya ambao hawana kazi nyingine ila hiyo. Watapita nchi hii wakienda kwenye mashindano makubwa, na klabu yetu inataka waje kwanza kujizoeza kwetu, ili wazungu wa Subukia na Molo na kwingineko wajae hapa kuwatazama. Walipoandikiwa wakajibu kwamba hawachezi juu ya mchanga.

Kwetu, kila shimo lilikuwa limezungukwa na mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya magari. Mchezaji akishapita, mmoja wetu anavuta gunia juu ya mchanga huo kufuta nyayo. Wageni wanataka majani, mafupi, yaliyolala sawasawa. Mahali hapo wanapaita grini. Basi tangu kiangazi tumekuwa tukizoa ule mchanga wa mafuta, tunachimba, tunachekecha udongo mweusi na samadi, tunausawazisha kwa ubao. Mikono yangu ilinuka mafuta mpaka chakula kikawa na ladha yake. Kisha tukangoja mvua.

Mvua ikaja. Majani yakaletwa kwa lori kutoka shamba moja huko juu Mau, kwenye magunia yaliyoloweshwa. Hayapandwi kwa mbegu. Unachambua kashina kamoja, unatoboa udongo kwa kidole, unakaingiza, unafunika, unasogea. Kila mtu alipewa mstari wake kwenye grini ya mwisho, ile iliyo mbele ya baraza ya klabu, ambapo wageni watakaa na chai yao.

Nilipiga magoti kama wengine. Kidole kilipoingia kwenye ule udongo, mama, nilimwona baba. Nilimwona akifunika mtama kwa kisigino bila kuangalia chini, anaongea na watu wa njiani huku mguu wake unafanya kazi peke yake. Nilikuona na wewe mbele yake, kwa kuwa kwetu hakuna anayepanda kabla yako. Wewe kwanza, kisha mimi, kisha wadogo zangu. Hata mwaka ule ulipougua, tulikushika mabega, ukaangusha punje chache, ndipo tukaingia shambani.

Okoth alikuwa amepiga magoti mstari wa pili kutoka wangu. Aliniangalia kidole akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, "Ngoja. Mama yako hajapanda."

Hapo ndipo aliponieleza jambo alilokuwa amelificha ili asinizidishie huzuni. Kwamba alipoondoka nyumbani mvua ilikuwa imeshaanza huko, watu wanapanda kila upande, na shamba lako tupu. Kwamba jembe lako limeegemea ukuta, na mbegu bado zimening'inia juu ya meko. Kwamba unasema hutatia jembe ardhini mpaka mwanao wa kwanza aje akae katika boma la baba yake na kunyolewa kwa ajili ya msiba.

Sasa tazama tulivyofungwa, mama. Wewe unaningoja mimi. Mimi nazuiwa na majani. Na majani siwezi kuyapanda kabla hujapanda wewe. Nilichomoa kidole, nikarudisha kale kashina kwenye gunia, nikasimama.

Arap Koech alikuja mbio. Nilipomweleza alitikisa kichwa, akasema hata kwao mama anaheshimiwa, lakini haya ni majani, hayaliwi na mtu, tena ng'ombe akiyagusa anapigwa risasi. Wenzangu nao wakaanza kubishana. Mmoja alisema kisichoingia chunguni si mmea wa kuhesabiwa. Mwingine akasema chochote unachokitia ardhini kwa mkono wako ili kiishi, umepanda, na kama hutaki kuamini subiri uzike watoto wako. Mama, mimi mwenyewe sikujua nani ana haki, na mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba mkono wangu ulikataa, na sikutaka jambo baya liingie nyumbani kwako likipitia mkono huo.

Bwana Kiko akafika. Unajua Kiswahili chao. Akasema, "Hii si shamba ya mama yako. Hii majani tu. Panda."

Nikasema, "Bwana, siwezi kupanda kabla ya mama."

Akanitazama sana. Niliogopa, kwa nini nijidai shujaa. Akasema kama sipandi niende, na kipande changu, kile cheti cha kazi, kitaandikwa kwamba nimekataa kazi. Mama, kipande kikiandikwa hivyo hakuna mzungu kutoka hapa mpaka Kisumu atakayenichukua. Rosa ataacha shule kwa kukosa karo. Ile nyumba ya mabati niliyokuahidi itabaki maneno.

Akamwambia arap Koech ampe mtu mwingine mstari wangu. Akaitwa Okoth, akakataa. Akaitwa wa pili, wa tatu, wote watu wa kwetu, wote wakainamia mistari yao kama hawasikii. Hakuna aliyetaka kupanda sehemu ya mtu aliye hai, ni kama kumfukia. Ndipo arap Koech, mkali yule, akasema kwamba majani ya magunia hayatatosha grini nzima kwa vyovyote, kwamba lori litarudi mara moja tena, na mstari huu unaweza kungoja lori hilo. Sijui kama ilikuwa kweli au aliibuni hapo hapo. Bwana Kiko aliwasha kiko chake, kikazima, akakiwasha tena. Akasema sawa, mpaka lori lirudi. Siku hiyo nipande au niondoke.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda landhi ya reli, kwenye nyumba za wafanyakazi wao, kumwona Mzee Ogola. Unamkumbuka, wa ukoo wa baba, waliojenga reli pamoja ujanani. Nilimweleza yote. Alisugua goti lake. Kisha akasema boma la mtu ni pale watu wake wanapokaa pamoja, na kama serikali na wazungu wamemzuia mtoto kwenda kwenye boma, basi boma litakuja kwa mtoto. Akawatuma watu wawaite wa kwetu wote waliokuwa hawana zamu.

Walikuja, mama. Wengine wakiwa na masizi ya injini usoni, wengine na nguo za kanisani. Niliketi chini nyuma ya landhi, uso wangu nimeuelekeza jua linakozama, nyumbani. Mzee Ogola alimwita baba kwa jina lake, lile la utotoni ambalo sikuwa nimelisikia tangu bibi afariki. Akamwambia, "Mtoto wako yuko hapa. Hakukukimbia. Amezuiwa." Akaninyoa. Mkono wake unatetemeka siku hizi, akanikata mahali pawili, nami sikusogea. Alipomaliza alilia, na wote wakalia, nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba nimemzika baba yangu. Pasta akisema hayo ni mambo ya kale, mwambie tuliomba Baba Yetu kabla ya wembe na baada ya wembe.

Mzee Ogola ndiye anayekuletea barua hii kwa mkono wake, kwa sababu ana pasi ya reli na wamempa ruhusa ya siku chache. Katika kifurushi utaona kitambaa cha kaki kimefungwa fundo. Ni kipande cha lile shati la baba alilonivalisha siku nilipopanda gari la moshi kuja huku. Ndani yake ni nywele zangu. Zizikeni ubavuni pa baba, upande wa kichwa. Mzee atakusimulia alivyoniona, na hasemi uongo, unamjua.

Sasa naomba, mama. Usiningoje tena. Nimeshanyolewa, nimeshakaa katika boma la baba, japo lilikuwa nyuma ya landhi na lilinuka makaa. Chukua jembe. Sisemi hivi kwa ajili ya kazi yangu tu, ingawa ningesema siiwazi kazi ningekuwa nakudanganya. Nasema pia kwa sababu mvua inanyesha juu ya shamba lako bure, na mwezi wa njaa utakapofika sitaki usikie watu wakisema mtoto wako ndiye aliyekunyima chakula. Lakini kama moyo wako utakataa, sitanung'unika. Nitafungasha nije nyumbani bila kazi, tutakaa, na hutanisikia nikilitaja jambo hili hata siku moja. Mkono wangu utakuwa safi mbele yako.

Nisalimie shangazi, dada yake baba, na umshukuru kwa kulala nawe nyumba moja siku hizi za upweke. Msalimie mjomba anayetunza ng'ombe, mwambie nimesikia amemuuza yule dume bila kuuliza, tutaongea. Mke wa Okoth aambiwe mumewe ni mzima na koti alilomshonea analivaa mpaka linaomba kupumzika. Mwalimu wa Rosa pia, kwa heshima. Wadogo zangu wasubiri zamu yao, wasikutangulie shambani.

Grini ya mwisho imeanza kushika, mama. Imekuwa ya kijani pande zote, na katikati kuna mstari mweusi unaoonekana hata ukiwa barabarani. Wazungu wanatoka barazani wanautazama na kuulizana. Mimi kila asubuhi naung'olea magugu na kuumwagilia maji kama wenzangu wanavyofanya mistari yao, na arap Koech hupita akaniacha. Mzee akirudi na kushuka kwenye gari la moshi nitakuwa stesheni, na nitamuuliza neno moja tu kabla ya salamu. Angusha punje, mama, hata tatu, hata kwenye tundu moja.

Ni mimi mwanao wa kwanza, ninayekungoja,

Daudi