Gauni la Kazini

Kwa dada yangu mwenye maneno mengi,

Mimi mzima, ila meno mawili yamenihama na paka kazalia kwenye droo ya cherehani.

Umeandika nimwambie binti yangu afunge mdomo apungue. Dada, kaufunga mpaka paka anamzidi kula. Akapungua kweli, kisha mwili ukarudi na nyongeza. Daktari anasema ubongo ukiona mafuta yanapungua unadhani njaa imeingia, basi unapunguza moto mwilini na kumzidishia hamu ya kula. Nikamuuliza, "Huo ubongo hauoni sufuria zimejaa?" Akacheka, asinipe dawa. Na moyo wa mtoto umeelemewa, ngazi za kazini anazipanda akihema.

Mimi fundi nguo, najua kufumua tu. Gauni lake la kazini likianza kumbana, nangoja aende kuoga, nalipanua kidogo ubavuni. Jana kalivaa, kajigeuza mbele ya kioo.

"Baba, naona nimeanza kupungua."

"Hata mimi naona, mwanangu."

Dada, kitambaa cha akiba ndani ya mishono kimekwisha.

Mdogo wako,
kibogoyo mpya