Asante ya Gavana

Baba Wanjiku,

Mimi ni mzima na mtoto ni mzima, na hayo ndiyo mazuri niliyo nayo. Usishangae mwandiko, ni wangu. Mwalimu wa kina mama kule kanisani alinishika mkono mpaka nikaweza. Maandishi yangu ni kama kuku aliyepita kwa matope, lakini yanasomeka. Barua za kuja huko kambini hufunguliwa njiani na wenye kazi yao, kwa hivyo hii sikuitia gundi. Anayetaka kuisoma na aisome.

Nyumba imekuwa kubwa, baba. Chumba kimoja! Ulikuwa ukinung'unika kwamba huna mahali pa kunyoosha miguu, basi leo njoo uinyooshe. Bado napika ugali wa watu wazima wawili. Mkono umezoea, unamimina unga wenyewe, na asubuhi Wanjiku anakula kiporo. Juzi aliniuliza, "Mama, baba huongea namna gani?" Nikajaribu kuigiza hiyo sauti yako nzito, tukacheka sana. Halafu nikatoka nje nikajifanya naanua nguo.

Nakumbuka Jumapili zako za gazeti. Umekaa mlangoni mwa karakana yako ya useremala, maranda yamejaa kwenye nywele, chai umeimimina kwa kisahani, na wanaume wamekuzunguka wakikuuliza habari za Gavana. Mmoja akasema Gavana ndiye mfalme wetu. Ukakataa katakata. "Gavana ni mpangaji," ukasema. "Mwenye nyumba yuko ng'ambo. Huyu ametumwa tu akae, atunze, apeleke habari."

Nami nilikuwa namenya viazi, nikadakia, "Mpangaji gani huyo ana bendera kwa gari na anaweza kufukuza kila mtu kwa nyumba?"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Wewe ukanitazama kwa lile jicho lako la kukubali kwamba nimekushinda, kisha ukaanza kuwafafanulia kama mwalimu. Kwamba ana baraza lake, wanakaa humo, wanabishana, wanapiga kura, lakini sheria isipopata mkono wake haiwi sheria. Kwamba mtu aliyehukumiwa kunyongwa, ni yeye anayeweza kumwachilia. "Na siku akitangaza hali ya hatari," ukasema, kisha ukapuliza chai.

Akatangaza. Askari walikuja kukuchukua mchana, una randa mkononi na mlango wa mtu mezani. Uliniambia, "Usizime jiko, narudi sasa hivi." Ulisema hivyo kwa ajili ya mtoto, nilijua. Jioni nilifagia karakana polepole, maana niliona nikimaliza kufagia nitakuwa sina la kufanya.

Sikukaa bure. Nilikwenda kwa chifu, chifu akasema jambo hilo si lake, niende kwa DC, mkuu wa wilaya. Kwa DC sikuvuka meza ya karani. Karani mwenyewe hakuwa mbaya, alinipa kiti. Nikamwambia nataka mume wangu apelekwe kortini, na akipatikana na makosa afungwe, nihesabu miaka, nijue moja. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ikaniudhi.

"Mama, mumeo hakushtakiwa. Hakimu hana la kufanya hapo. Amewekwa kwa amri ya Gavana, na Gavana ndiye wa kumtoa."

"Atamtoa lini?"

"Akipenda."

Ati akipenda! Nilirudi nyumbani nikilisemasema neno hilo njia nzima. Mwizi wa mbuzi ana siku yake ya kutoka. Wewe huna, kwa kuwa hukuiba chochote.

Ndipo tukasikia kwamba Gavana anakuja Nakuru kwenye maonyesho ya kilimo. Mimi siku hizi nauza kabichi na viazi vya Dundori sokoni, na msimamizi wa soko alituchagua sisi wanawake tusimame na mboga zetu apite kutuona. Hakuniuliza mume wangu yuko wapi, nami sikumwambia. Nilichagua kabichi zilizofunga vizuri, nikavaa lile gauni ulilosema linanipendeza.

Baba Wanjiku, kumbe ni mzee tu! Mwekundu, amechoka na jua, viatu vimejaa vumbi kama vya kila mtu wa Nakuru. Nilitazamia mtu wa kutisha. Alisimama mbele yangu, akasema kitu, na mkalimani, kijana wa ofisini kwa DC, akaniuliza kama kabichi hizo ni zangu.

Nikasema kwa sauti, "Bwana Gavana, mume wangu anaitwa Kamau, fundi seremala wa hapa Nakuru. Hakuna korti iliyomhukumu. Umemfunga wewe, mfungue wewe."

Mkalimani alimgeukia Gavana. Akasema Kiingereza kidogo, kifupi mno. Gavana akatabasamu, akanipa mkono, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Asante, mama. Asante sana." Kisha akasogea kwa jirani yangu kutazama mayai.

Mtu akiombwa kumfungua mfungwa hasemi asante. Nilijua palepale.

Nilimvizia yule kijana nyuma ya mabanda. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia unashukuru kwa barabara ya Dundori."

"Nilishukuru barabara mimi?"

"Dada, askari walikuwa nyuma yako. Maneno yale ningeyapeleka vile ulivyoyasema, leo ungelala wapi? Na mimi ningelala wapi?" Hata leo sijui kama nimpige kofi au nimpikie chai.

Lakini kinachoniuma si yeye. Kinachoniuma ni kwamba nilimshika mkono mtu anayeweza kukuleta nyumbani kabla ya jua kutua, bila kumwuliza hakimu wala baraza, naye akaenda zake bila kujua kwamba uko duniani. Angalau angenikatalia. Ningekuwa na la kumchukia.

Sasa Gavana yule amemaliza muda wake, amerudi kwao. Mpangaji amehama kweli, baba, mwingine ameingia, lakini kufuli aliyoitia yule wa zamani bado iko mlangoni. Wengine wameanza kurudi. Lori likishusha watu karibu na stesheni mimi huenda. Nawatazama kwa nyuma, visogo tu, maana wewe ningekujua kwa nyuma kabla hujageuka, na kila mara si wewe. Wakati mwingine hukaa pale mpaka waliokuja kupokelewa wameondoka wote na watu wao. Upweke huo sikuandikii zaidi, usije ukanilia huko mbele ya watu.

Nikwambie la leo. Gavana mpya atapita Nakuru wiki hii, na sisi wa sokoni tutapangwa tena. Nimemwomba yule mwalimu wa kanisani anifundishe maneno yangu kwa Kiingereza, yaleyale, na jina lako ndani yake. Kwanza alifunga mlango. Kisha akanifundisha. Nayasema nikifua, nayasema nikibeba kabichi, na Wanjiku ameyashika kabla yangu, anayaimba uani mpaka nimemkanya.

Dada yako wa Naivasha amekubali kukaa na mtoto nikikamatwa. Nguo za Wanjiku nimezifunga tayari. Usinikasirikie. Ungekuwa wewe uliyebaki na mimi niliyechukuliwa, ungekwisha kufanya hivi zamani, na pengine kwa kelele zaidi.

Mwalimu na dada yako wananiuliza kama siogopi askari. Naogopa, mimi si jiwe. Lakini kuna siku nafikiri wakinichukua, angalau nitakuwa nimefuata njia moja na wewe, na siku kama hizo askari hanitishi sana. Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Safari hii hapatakuwa na mtu katikati. Nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, naye atanisikia. Naogopa kwamba atanielewa, kila neno, na bado wewe usirudi.

Mimi mkeo, niliye peke yangu na jina lako,
Mama Wanjiku