Sentimita Arobaini na Nne

Jumamosi, 27 Februari

Nimefumua mikono ya mashati matatu tangu asubuhi. Yote ya vijana wa kilabu cha kunyanyua vyuma. Banza amepasua lake tena begani, pale pale nilipotia kiraka kabla ya Noeli. Nimemwambia ama aache kunyanyua vyuma ama azoee kutembea kifua wazi. Amecheka tu. Vipimo vya mkono leo: Banza sentimita arobaini na mbili na nusu. Kabeya arobaini na nne. Hapa mtaani Kapata hakuna mwingine anayefika hapo, na najua kwa sababu mita ya kupimia ni yangu.

Kabeya ndiye mwalimu wao. Mchomeleaji wa karakana ya kampuni. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, yeye amezaliwa hapa, safu moja ya nyumba na mimi. Vyuma vyote vya kilabu ametengeneza yeye: magurudumu ya vitoroli vya mgodi, na fimbo ya kutobolea mwamba. Tangu kampuni ianze kuyumba na posho ya unga kukatwa, wengine wanauza hata mabati ya jikoni. Yeye anafundisha uani kwake kila saa kumi, bure.

Barazani kwangu mabishano yale yale. Tata Simon, dereva wa treni mstaafu, anasema misuli ile ni nyama ya kuonyesha watu. Mwalimu Célestin wa shule ya msingi anasema mwanaume hupimwa kwa mapigano. Mimi natetea mikono. Watu niliowashonea miaka minane siwezi kuwaacha watukanwe na Célestin, ambaye shati la mtoto wa darasa la sita linamtosha.

Jumatano, 3 Machi

Umeme ulirudi mchana. Tukajazana kwa Célestin kuona kaseti ya video aliyoletewa kutoka Zambia. Wanaume wanapigana bila glovu. Ngumi, teke, kiwiko, kukabana, kila kitu ruhusa. Mmoja alimkalia mwenzake kifuani akampiga usoni mpaka sura ikapotea. Mwamuzi anatazama. Chumba kizima kinapiga kelele. Nilitoka nje.

Baadaye barazani, moto. Célestin anasema huo ndio ukweli, mjenga misuli anajipaka mafuta tu. Tata Simon anasema wote wapuuzi. Kabeya alisema kumpiga mtu aliyelala hakuhitaji misuli yoyote, hata mtoto anaweza. Banza alikuwa ameomba sehemu ile irudishwe mara tatu.

Kisha akamuuliza Kabeya kazi hii ya misuli inampeleka mtu wapi. Kabeya akamwambia juu ya mashindano ya misuli ya Pasaka kule Likasi. Akishinda anaweza kuitwa Lubumbashi, kuwa mwalimu, pengine kupata kazi ya ulinzi. Banza akasema kombe halisongi bukari nyumbani, halileti unga. Mama yake ni mgonjwa, namwelewa.

Mimi naamini hivi: mwenye mkono kama ule hana haja ya kumpiga mtu. Naandika hapa kwa wino.

Jumanne, 9 Machi

Kazi kubwa. Banza ameleta kitambaa chekundu na karatasi. Vitambaa vya kufunga mkononi, ishirini na viwili, mshono maradufu ili visilegee. Karatasi haina majina, vipimo tu. Lakini mimi nasoma vipimo kama wengine wanavyosoma sura. Arobaini na mbili na nusu, Banza mwenyewe. Thelathini na tisa mara mbili, wale ndugu wa safu ya juu. Kilabu chote kimo. Wanaobaki ni wembamba, ishirini na saba, ishirini na nane. Hao watakuwa mashabiki.

Kwa hiyo wanakwenda Likasi na sare. Nimefurahi kama mtoto.

Arobaini na nne haimo. Wamemsahau mwalimu wao wenyewe. Wanaume. Kitambaa kimebaki, namkatia chake leo leo.

Alhamisi, 11 Machi

Nimemaliza. Banza amevichukua vyake. Cha Kabeya nimekificha kabatini, nataka nimpe mwenyewe Jumamosi.

Redioni wanarudia maneno yale yale. Wageni warudi kwao. Nimezima. Cherehani ina kelele nzuri zaidi.

Jumamosi, 13 Machi

Mwandiko mbaya leo.

Nilimpelekea Kabeya kitambaa. Alikuwa anapaka grisi vyuma. Nilimfunga mwenyewe mkononi, nikarudi nyuma nione kama kimekaa sawa. Kilikaa sawa. Akakitazama muda mrefu. Mke wake, Ntumba, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, aliacha kisu akaingia ndani.

“Mama Odette,” akasema, “hii haiko ya club. Hii njo batavala siku ya kutufukuza.”

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mgeni namna ya kushika chuma. Vijana wa chama kile cha redioni wanajiandaa kuvivaa na kupita nyumba kwa nyumba, kuwafukuza watu wa asili ya Kasai. Wanafunzi wake wameacha kuja tangu Jumatatu. Likasi hakuna safari yoyote.

Ishirini na viwili. Nimeshona mimi. Nilikuwa naimba.

Nilitaka kukichoma. Akakataa. Akakikunja, akakitia mfukoni. “Uniachie. Pengine itatumika.” Nikamwambia aondoke na familia yake leo. Akauliza aende wapi. Kasai hajawahi kuiona hata siku moja.

Jumapili, 14 Machi

Baada ya misa nilimngoja Banza nje ya kanisa. Nikataka vitambaa vyangu vyote. Hakunijibu kwa ukali, hilo ndilo limenishtua. Alinipa heshima zote.

“Mama, club hailete bukari. Ile nyumba na ile kazi yake ku atelier, banasema itakuwa yangu.”

Nyumba ya Kabeya, na kazi ya Kabeya karakanani. Nikamkumbusha kwamba Kabeya alimtoa kwenye mikono ya sentimita thelathini, mvulana anayekohoa. Akasema anajua. Akasema pole. Akaenda zake. Sijui mtu anasemaje pole kwa jambo ambalo bado hajalifanya.

Ijumaa, 19 Machi

Safu ya pili wamefukuzwa. Nyumba nne. Nimesikia tu, sikuenda. Naogopa.

Jumatatu, 22 Machi

Naandika kila kitu, hata nisichotaka.

Walikuja saa tatu asubuhi. Wengi, na vitambaa vyangu mikononi. Mshono haukulegea hata mmoja. Walisimama mbele ya nyumba ya Kabeya, wakapiga firimbi. Watu wakatoka kutazama. Mimi pia nilitoka, mkasi mkononi, nilisahau kuuweka. Nilidhani Kabeya atawapiga. Nakiri, nilitaka. Sentimita arobaini na nne, nani angemweza? Watu wote walitaka. Walisogea wakafanya duara, kama kwa Célestin, wafupi mbele.

Kabeya hakupiga mtu. Alikuwa ameshafunga mizigo. Aliwatoa Ntumba, watoto watatu na mama mkwe wake, akawasimamisha kando. Vijana wakaanza kutoa vitu. Vyuma vya kilabu wakavirusha barabarani.

Banza akashika kabati. Alilishika vibaya, mgongo umepinda, miguu imenyooka. Na Kabeya, kwa mazoea tu, naapa kwa mazoea tu, akamwambia kwa sauti ile ya saa kumi:

“Banza, kunja magoti. Utavunja mugongo.”

Watu wakacheka. Kicheko kikubwa, cha barazani kwangu. Na Banza akakunja magoti. Mwili ulitii kabla yeye hajafikiri. Watu wakacheka zaidi.

Akaliachia kabati. Akaokota ile fimbo ya chuma ya mazoezi, akampiga Kabeya nayo begani, upande wa kushoto. Nilisikia mfupa. Kabeya akaenda chini. Banza akampiga tena akiwa chini. Mara mbili. Tatu.

Na watu wakapiga kelele “Inuka! Inuka!” Si wote. Wengi. Watu niliowashonea nguo za komunyo. Walitaka lile pigano walilolijia.

Kabeya akainuka. Damu puani. Mkono wa kushoto unaning'inia. Akamtazama Banza, akageuka, akambeba mtoto mdogo kwa mkono mzima, wakaanza kutembea kwenda stesheni. Sita. Banza akabaki na fimbo mkononi na hakuna wa kupigana naye.

Célestin alikuwa kwenye ua wa jirani, anatapika. Yeye, mwenye kaseti.

Mimi nilisimama na mkasi wangu. Sikusema neno lolote.

Jumanne, 23 Machi

Sijashona.

Jumapili, 28 Machi

Baraza limekufa. Tata Simon alikuja, akakaa mahali pake, akaondoka bila kubishana na mtu. Célestin amefumua utepe wote wa kaseti yake, umetapakaa uani kwake. Shuleni nusu ya walimu hawapo. Karakana haina wachomeleaji. Wanasema mashine moja ilisimama Ijumaa na hakuna aliyejua kuitengeneza. Wamefukuza watu, sasa wanashangaa kazi hazifanyiki.

Banza anaishi nyumba ya Kabeya. Kazi hawajampa.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Nimekwenda stesheni na unga, sombe ya majani ya muhogo na mafuta kidogo. Nilihofia watanitemea mate. Ningestahili.

Sijawahi kuona watu wengi namna ile wamekaa chini. Wamefunga vitenge na plastiki kuwa nyumba. Treni ya Kasai inangojwa, haiji. Watoto wanaharisha. Harufu imenifuata mpaka hapa ninapoandika.

Ntumba aliniona wa kwanza. Akageuza chungu, akanisogezea nikalie. Nikalia badala ya kukalia. Nikamwambia nimeshona mimi, nimeshona vyote. Akasema anajua, alinisikia nikiimba.

Kabeya amefungwa mkono na vibao viwili. Alinisimulia jinsi walivyofika. Njiani kulikuwa na kizuizi cha vijana wa mtaa mwingine, wasiomjua, nao wana vitambaa vyekundu. Walikuwa wananyang'anya mizigo na kuwavuta wasichana pembeni. Binti yake mkubwa ana miaka kumi na minne. Kabeya akatoa kitambaa mfukoni. Ntumba akamfunga kwenye mkono mzima. Wakaona jitu lile lenye damu na kitambaa chekundu, wakadhani ni mwenzao ametoka kazini. Wakampigia saluti. Familia ikapita nyuma yake kama watu aliowafukuza yeye, na mizigo yote. Walipofika stesheni akakitupa chooni.

Hakucheka aliposimulia. Mimi pia sikucheka.

Kimoja kimewapitisha watu sita. Ishirini na viwili vimefanya nini, sitaki kuhesabu. Siwezi kujisafisha kwa kile kimoja. Lakini leo nitakula; tangu siku ile nilikuwa naonja tu.

Jumatano, 28 Aprili

Banza amekuja na shati. Limempasuka tena. Nimemwambia mita yangu imepotea. Ilikuwa shingoni mwangu, na aliiona. Alisimama kidogo, akalikunja shati vizuri, akaondoka nalo. Mama yake amezikwa wiki iliyopita. Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote viwili kwa wakati mmoja, na mchana wote sikuweza kutia uzi kwenye sindano.

Alhamisi, 6 Mei

Stesheni tena. Nimepeleka unga na sabuni. Mama mkwe wa Kabeya amefariki Jumatatu, kuhara. Wamemzika karibu na reli. Treni bado.

Jumamosi, 15 Mei

Wanasema treni itaondoka Jumanne. Safari hii hata wafanyakazi wa reli wanasema.

Kabeya aliniita pembeni. Alikuwa ameshika shati lake jeupe la kanisani, nililomshonea mwaka juzi. Anaona haya. Kasai anakokwenda kuna wajomba wasiomjua, hataki waje kumpokea mtu anayeonekana amevaa shati la marehemu. Amekonda, mikono ya shati inamwangukia. Akaniuliza kama kuna la kufanya.

Miaka minane nimekuwa napanua tu. Nikavua mita shingoni. Vibao vimetolewa, mfupa umeunga vibaya kidogo. Kulia, thelathini na sita. Kushoto, thelathini na nne. Alitazama pembeni nilipokuwa nasoma. Nikamwambia namba kama kawaida, kwa sauti, kama Jumamosi yoyote. Akasema, “Andika, Mama.” Nimeandika.

Nimeshona jioni hii mlangoni, mwanga bado upo. Ni kazi ndogo. Sikukata kitu. Kitambaa chote nimekikunja ndani ya mshono, sentimita nane mkono wa kulia, kumi wa kushoto. Siku akinenepa, fundi yeyote wa huko atafumua na atakikuta.